Kigoma hadi Guangzhou: uruke moja kwa moja kutoka Dar, upitie Addis, Dubai au Doha, au uvukie Bujumbura?

Ukinyoosha mstari juu ya tufe la dunia kutoka uwanja wa ndege wa Kigoma hadi ule wa Baiyun, Guangzhou, unapata kilomita 9,576 hivi. Hakuna ndege inayoufuata mstari huo. Mfanyabiashara wa Mwanga, Ujiji au Kasulu anayekwenda China kufuata vipuri, nguo, vifaa vya simu au vyombo vya ndani lazima aikate safari vipande vipande, na kila mahali anapoikata panamgharimu kitu: pesa, saa au usingizi. Ndiyo maana swali la "ni mbali kiasi gani?" lina majibu kadhaa, na yote ni ya kweli.

Nimekaa na watu wengi wa hapa mjini tukipanga safari hii, na karibu wote huanza na nauli. Nauli ina uzito wake, sibishi. Lakini kwa mtu anayeanzia Kigoma, kitu cha kwanza kutazama ni viungo vya safari: utabadili ndege mara ngapi, utabadilia wapi, na kiungo kimoja kikikatika nani atabeba gharama. Kilomita zinakuja baada ya hapo.

Hizi hapa njia zinazotumika. Umbali nimeupima kwa mstari wa tufe kati ya viwanja. Ndege yenyewe huzidisha kidogo kwa kufuata njia zilizopangwa angani na kukwepa hali mbaya ya hewa. Saa ni za kuwa hewani tu, bila kusubiri.

| Njia kutoka Kigoma | Kilomita za angani | Saa za hewani | Kubadili ndege |
|---|---|---|---|
| Dar, kisha Guangzhou moja kwa moja | 9,790 | 13 hivi | mara 1 |
| Dar, Addis Ababa, Guangzhou | 10,880 | 15 hivi | mara 2 |
| Dar, Dubai, Guangzhou | 10,880 | 15 hivi | mara 2 |
| Dar, Doha, Guangzhou | 11,090 | 15 na nusu hivi | mara 2 |
| Barabara hadi Bujumbura, kisha Addis Ababa, Guangzhou | 9,760, ukiacha barabara | 13 hivi | mara 1 |

Tazama mstari wa kwanza. Wengi hudhani kupitia Dar es Salaam ni kuzunguka. Si kuzunguka hata kidogo. China iko mashariki yetu, na Dar iko mashariki yetu vilevile. Kigoma hadi Dar ni kilomita 1,077 za angani, Dar hadi Guangzhou 8,711. Ukijumlisha, umezidisha ule mstari ulionyooka kwa kilomita mia mbili na kidogo tu, katika safari ya karibu kilomita elfu kumi. Kwa hiyo anayekwambia "Dar inakupotezea njia" hajatazama ramani.

Tazama pia mstari wa pili na wa tatu. Addis Ababa na Dubai zimelingana karibu kilomita kwa kilomita: kutoka Dar, ukipitia Addis ni 9,801, ukipitia Dubai ni 9,805. Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza nilirudia, nikidhani nimekosea namba. Addis iko karibu nasi lakini inakuachia kipande kirefu cha pili; Dubai iko mbali lakini inakuachia kipande kifupi. Mwishoni ni yaleyale. Kwa hiyo mtu akikushawishi kwa Addis au Dubai kwa hoja ya "ni karibu zaidi", hoja hiyo haipo. Chagua kwa sababu nyingine, na zipo.

Kipande cha kwanza ndicho chenye kesi

Kigoma hadi Dar ni sehemu ya tisa tu ya safari yote, lakini ndicho kipande kinachoharibu safari kuliko vingine. Huku hutumika zaidi ndege za pangaboi, kama Dash 8-400 ya Air Tanzania yenye viti 76. Ni ndege nzuri kwa viwanja vyetu, na ikitulia angani hukata zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Kigoma hadi Dar bila kutua inachukua saa mbili hivi.

Mara nyingine ratiba inakupitisha mji mwingine kwanza. Hapa ndipo utaona jinsi kilomita zinavyoweza kumdanganya mtu. Kigoma hadi Tabora ni kilomita 351 na Tabora hadi Dar ni 732, jumla 1,083. Yaani kutua Tabora kunaongeza kilomita sita, maana Tabora iko karibu kabisa juu ya mstari wenyewe. Lakini saa zinaongezeka vizuri tu: ndege inashuka, inatembea chini, abiria wanateremka na wengine wanapanda, mizigo inatolewa na kupakiwa, kisha inaanza kupanda upya. Ukipitishwa Mwanza ndiyo kilomita nazo zinapanda, 452 halafu 852, jumla 1,304. Kwa hiyo unapokata tiketi usiulize tu "ndege inaondoka saa ngapi". Uliza inatua wapi kabla ya Dar na inafika Dar saa ngapi.

Halafu kuna mvua. Ndege za pangaboi huruka chini kuliko ndege kubwa za jeti, kiasi cha mita 7,600, na mawingu ya mvua za radi za ukanda huu wa ziwa yanapanda juu kuliko hapo. Rubani hawezi kuyaruka, anayazunguka au anasubiri yapite. Mvua zetu huanza kuelekea Novemba na kufika Aprili au Mei. Sasa angalia kalenda ya wafanyabiashara: Maonyesho ya Canton, yanayofanyika Guangzhou tangu 1957, hufunguliwa mara mbili kwa mwaka, katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba. Anayekwenda yale ya Aprili anaondoka Kigoma mvua zikiwa bado hazijaisha. Huyo asipange kufika Dar mchana na kuondoka jioni ileile.

Jambo la pili katika kipande hiki ni tiketi zenyewe. Kuna tofauti kubwa kati ya tiketi moja inayosomeka Kigoma–Dar–Guangzhou na tiketi mbili ulizokata mbalimbali kwa sababu ulipata nafuu ya elfu kadhaa. Kwenye tiketi moja, ndege ya Kigoma ikichelewa ukaikosa ile ya Guangzhou, shirika lililokuuzia ndilo lenye kazi ya kukutafutia nafasi nyingine. Kwenye tiketi mbili, shirika la pili linakuona umeshindwa kutokea tu. Halijui habari za Kigoma. Na kibaya zaidi, ukihesabiwa kuwa hukutokea, mara nyingi hata kipande cha kurudi kinafutwa.

Sheria hiyohiyo inauma kwa upande mwingine, na hii nawasihi watu waisikie. Kuna anayekata tiketi moja kuanzia Kigoma, kisha siku ya safari anapata gari la rafiki au anaamua kupanda basi hadi Dar akaone ndugu kwanza. Anafika Terminali ya Tatu akiwa na pasipoti na begi lake, anaambiwa tiketi imeshafutwa. Hukupanda kipande cha kwanza, vilivyofuata vimekufa. Ukitaka kwenda Dar kwa basi au treni, sema mapema tiketi ibadilishwe ianzie Dar, na upate maandishi.

Kama unataka kuanza kwa reli, elewa ni kitu gani unachonunua. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kutoka Dar ni kilomita 1,252. Treni yake inakula zaidi ya siku nzima, tena haiondoki kila siku. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma katikati ya 2024, inaukata mguu huo kwa saa nne au chini yake, lakini huku kwetu reli hiyo bado inajengwa. Basi nalo linakula mchana na usiku. Njia zote mbili ni halali kabisa kwa mtu mwenye siku mbili za kupoteza kabla ya ndege kubwa. Kwa asiye nazo, anunue ndege.

Ushauri wangu kuhusu kipande hiki haubadiliki: ukiwa na tiketi mbili, lala Dar usiku mmoja. Ukiwa na tiketi moja, hakikisha una saa nne au zaidi za kuunganisha. Ndege za ndani kwa kawaida zinashushia Terminali ya Pili na za nje zinaondokea ya Tatu, ni majengo mawili tofauti, na ukiwa na mabegi utahitaji gari.

Moja kwa moja kutoka Dar

Air Tanzania inaipiga Dar–Guangzhou kwa Boeing 787-8 yenye viti 262. Kwa mwendo wa karibu kilomita 900 kwa saa, kilomita 8,711 zinaisha kwa saa kumi na nusu hadi kumi na moja. Unapita juu ya Bahari ya Hindi, unaikata India upande wa kusini, Ghuba ya Bengal, Myanmar, umefika. Unalala, unaamka, unakula, unashuka.

Kwa mtu wa Kigoma faida yake kubwa ni moja: unaweza kuwa na shirika moja kutoka Kigoma hadi mwisho. Ndege ya Kigoma ikichelewa, anayekuuliza uko wapi na anayekujibu ni yuleyule. Begi linaweza kuandikwa mpaka Guangzhou papo hapo Kigoma, ingawa lazima usome lebo kwa macho yako. Ikisomeka CAN, hiyo ni Guangzhou. Ikisomeka DAR, begi utalichukua Dar na kulisajili upya, hata mhudumu akikwambia "litafika tu".

Hasara yake ni siku. Safari hii hairuki kila siku, na Dreamliner za shirika, yaani hizo Boeing 787, zinahesabika kwa vidole. Ndege moja ikiingia matengenezo, ratiba yote inayumba, na safari ikifutwa leo, huenda ukapata nafasi nyingine baada ya siku kadhaa. Kwa mwenye miadi ya kiwandani ya tarehe maalumu hilo si dogo. Ninayemshauri apite hapa ni yule ambaye tarehe zake zinakubaliana na ratiba na ambaye siku mbili za kuteleza hazitamvunjia biashara. Huyo hana sababu ya kupita kwingine. Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee anayekwenda kutibiwa, na anayepanda ndege kubwa kwa mara ya kwanza, hawa pia nawapeleka huku hata kama nauli imezidi. Kubadili ndege usiku wa manane kwenye kiwanja usichokijua, ukiwa na usingizi, kunachosha kuliko hata zile saa mbili za hewani ambazo njia hizo nyingine zinaongeza.

Addis Ababa au Ghuba (Dubai na Doha)

Juzi muuza vyombo wa pale Mwanga sokoni aliniuliza, "Kaka, ya Dubai si ndiyo watu wote wanapita?" Nikamjibu wanapita wengi, ila tuangalie wanapita kwa nini.

Ethiopian Airlines ina ndege za Dar kila siku na za Guangzhou kila siku. Hiyo ndiyo nguvu yake. Ukiikosa ya leo, ya kesho ipo. Shirika hilo linaruka China tangu 1973, na Waafrika wengi unaowakuta Xiaobei na Sanyuanli, mitaa ya Guangzhou wanakofikia wafanyabiashara wetu, wameingia kwa njia hiyo. Dar hadi Addis ni kilomita 1,763, unafika kabla ya saa tatu kutimia. Kisha kilomita 8,038, kama saa kumi, kipande kirefu kimoja cha kulala.

Huo mgawanyo, kifupi halafu kirefu, ndio naupenda kuliko wa Ghuba. Dar hadi Dubai ni kilomita 3,977 na Dubai hadi Guangzhou 5,828, yaani saa tano na nusu, halafu saba na kitu. Doha ni 3,818 kisha 6,197. Vipande vyote viwili ni vya katikati: usingizi wako unakatwa katikati, unaamshwa, unatembea kilomita nzima ndani ya kiwanja, unakaa, unaanza tena. Mwili unafika Guangzhou umechoka zaidi ingawa saa za hewani zimelingana na za Addis. Anayetaka kuingia sokoni asubuhi ileile aliyotua atalihisi.

Ghuba inashinda mahali pawili. Kwanza, kama una biashara ya kufanya Dubai kwenyewe. Wapo wanaonunua simu na vipodozi Dubai wakati wa kurudi. Kwao kusimama huko ni nusu ya safari, mradi viza ya Falme za Kiarabu ipo mkononi. Kukaa ndani ya kiwanja kusubiri ndege hakuhitaji viza, kutoka nje kunahitaji. Pili, ndege ni kubwa na viwanja vimetulia: sehemu za kukaa ni nyingi, chakula kipo saa zote, na mwenye kusubiri saa sita hatateseka. Addis, uwanja wa Bole, hujaa hasa saa za usiku ndege nyingi zinapokutana. Tena uko juu sana, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kuna baridi. Beba sweta kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililosajiliwa.

Linganisha muda wa kusubiri, usilinganishe saa za hewani. Tiketi mbili za Addis zinaweza kuonyesha ndege zilezile, moja ina saa tatu za kusubiri na nyingine kumi na saba. Bei inatofautiana kwa sababu hiyo. Kabla hujakubali ile ndefu, uliza kama shirika linakupa hoteli na kama utahitaji viza kuifikia. Chini ya saa mbili za kuunganisha nami siishauri pia, hata mfumo ukikuruhusu.

Bujumbura, kwa baadhi yetu tu

Njia hii haimo kwenye hesabu za mtu wa Arusha wala Mwanza, ni yetu sisi wa huku. Kutoka Kigoma hadi mpakani Manyovu ni kilomita 60 hivi za lami, unavuka, unashuka hadi ziwani, unalifuata kupitia Nyanza-Lac na Rumonge hadi Bujumbura. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 178 tu. Hapo Ethiopian inakuchukua hadi Addis, kilomita 1,726, umbali unaokaribia ule wa Dar hadi Addis. Kwenye karatasi umeruka kipande chote cha Kigoma–Dar pamoja na wasiwasi wake.

Kwenye barabara ni tofauti. Una mpaka wa kuvuka, fedha ya kubadili, gari la kukodi upande wa pili, na hali ya usalama ya upande ule wa ziwa ambayo lazima uiulizie wiki hiyohiyo, si ya mwaka jana. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe nawe, kwenda na kurudi. Na viza ya China inaombwa Dar, kwa hiyo kama bado huna, utakwenda Dar kwanza kwa vyovyote. Njia hii inamfaa mwenye viza ya kuingia mara nyingi ambayo bado hai, mwenye ndugu au wateja Burundi, na anayezijua njia hizo. Kwa wengine wote nasema hapana.

Saa za kwenye tiketi

Hapa wanapotea hata waliozoea. Tiketi inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia machweo na mapambazuko. 13:00 ni saa saba mchana, 05:30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hiyo wengi wanaijua. Inayowaponza ni ndege ya saa saba usiku. Tiketi ikiandikwa tarehe 14, 01:10, ndege hiyo inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 14. Unatakiwa uwe uwanjani tarehe 13 saa nne usiku. Anayekwenda uwanjani tarehe 14 jioni amechelewa karibu siku nzima, na kosa hilo linatokea kwa watu makini kabisa. Mimi ninapomwandikia mtu safari yake kwenye karatasi, naandika "usiku wa kuamkia" na kutaja siku zote mbili kwa majina.

Saa ya kufika nayo ni ya huko unakofika. China nzima inatumia saa moja, na iko mbele yetu kwa saa tano: hapa saa sita mchana, Guangzhou ni saa kumi na moja jioni. Ukiona tiketi inaonyesha unaondoka Dar jioni na kufika kesho yake mchana, usihesabu kama saa kumi na nane za safari, ondoa tano. Alama ya +1 pembeni ya saa maana yake ni siku inayofuata.

Kuna na jambo la mwili. Saa ya Tanzania imepangwa kwa jua la mashariki zaidi ya nchi yetu yenyewe, na Kigoma ndiyo iko magharibi kabisa, kwa hiyo jua letu linachelewa nyuma ya saa ya ukutani kwa zaidi ya saa nzima. Dar inatutangulia jua kwa dakika 38. Ukihesabu kwa jua badala ya saa ya ukutani, Kigoma na Guangzhou zinapishana saa tano na nusu na kidogo. Mtu wa Kigoma atachelewa kuuzoea usingizi wa China kuliko mwenzake wa Dar waliyesafiri pamoja. Siku ya kwanza usisaini mkataba wala usilipe amana ya kontena. Tembea, angalia bei, lala mapema.

Kurudi

Kurudi ni kurefu kidogo kuliko kwenda, karibu saa nzima zaidi. Juu kule, ndege kubwa zinakoruka, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na unakuwa mkali zaidi kati ya Desemba na Machi. Wakati wa kwenda unakusukuma, wakati wa kurudi unakupinga. Kwa hiyo usipange ndege ya Dar–Kigoma kwa kuhesabu saa za kwenda.

Mzigo ndio unaoamua njia wakati wa kurudi. Mashirika mengi ya njia hii humpa abiria wa daraja la kawaida mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, lakini soma tiketi yako, maana tiketi za bei ya chini hupunguziwa. Ndege ya Dar–Kigoma ikiwa kwenye tiketi yake peke yake hutoa kilo 23 tu. Umeshatua Dar na kilo 46, na kilo 23 zilizobaki utazilipia kwa kilo moja moja. Kwenye tiketi moja kutoka Guangzhou hadi Kigoma, mara nyingi ule uzito mkubwa unakufuata hadi mwisho. Tofauti hiyo peke yake inaweza kula nafuu yote uliyoipata kwa kukata tiketi mbili. Waliozoea hufanya hivi: sampuli na vitu vya thamani wanapanda navyo, vilivyobaki wanaviweka kwenye basi la Kigoma kwa jina la mtu wa kupokea, na kontena lenyewe linakuja kwa meli hadi bandari ya Dar.

Pia kama umenunua bidhaa za betri, iwe tochi za kuchaji, pawabenki au spika, pawabenki haiingii kabisa kwenye begi lililosajiliwa, inakwenda mkononi. Viwanja vya China vinakagua hilo kwa ukali, na begi linafunguliwa wewe ukiwa umeshakaa kusubiri ndege. Tenga vitu hivyo hotelini usiku wa kuamkia safari, viweke kwenye mfuko mmoja, na uhakikishe uwezo wake umeandikwa juu ya kifaa chenyewe. Kisichoandikwa kinachukuliwa.